Nakala ya Amplifaya Iliyofaulu Vipimo Ikashindwa Mkononi

Amplifaya ya kisa hiki ni ya vali (zile taa za kioo zinazokuza ishara), imejengwa kwa mkono kwa kufuata saketi ya Fender Bassman 5F6-A, saketi ambayo Marshall waliichukua karibu ilivyo walipotengeneza JTM45 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwenye mali ni mpigaji gitaa wa studio. Mashine ni nzito, haitoi utamu wake mpaka ifunguliwe sana, na si kila chumba kinavumilia kelele hizo. Akampa fundi mmoja ainakili kwa mtandao wa nyuroni. Kazi yenyewe inajulikana: ishara maalumu ya majaribio inapitishwa kwenye amplifaya, kinachotoka kinarekodiwa, kisha kompyuta inafunzwa kukisia kinachotoka kwa kutazama kinachoingia, inarudia na kurudia mpaka makisio yake yakaribiane na rekodi.

Fundi alirudisha faili pamoja na namba moja: ESR ya 0.008. Namba hiyo ni uwiano wa kosa kwa ishara. Unatoa sauti ya nakala kwenye sauti ya amplifaya, mabaki unayapima nguvu, halafu unayagawa kwa nguvu ya sauti ya amplifaya yenyewe. Kwa desibeli, 0.008 maana yake mabaki yako karibu desibeli 21 chini ya muziki. Kwa amplifaya iliyoanza kuunguruma hivi, wengi wangeridhika nayo.

Mpigaji hakuridhika. Malalamiko yake yalikuwa manne na aliyatoa yote kwa mpigo: disto (mkwaruzo wa sauti) imezidi na nobu ya volyumu ya gitaa haiisafishi tena, sauti imefunikwa, haina mng'ao wala kishindo cha chini, noti za juu zina mluzi, na kwa ujumla kitu "hakipumui". Fundi akamjibu kwa namba yake. Mimi niliitwa baada ya wawili hao kushindwa kuelewana, na jambo la kwanza nililofanya ni kusikiliza faili za mafunzo kwa zamu, amplifaya kisha nakala, bila kujua ipi ni ipi. Sikuweza kuzitenganisha. Kwa hiyo swali la kama mtandao ulijifunza vibaya lilifungwa mapema. Ulijifunza vizuri kile ulichopewa. Kilichobaki ni kujua ulipewa nini, na mpigaji alikuwa akiupa nini.

Nilianza na disto, kwa kuwa ndilo lalamiko ambalo mara nyingi halitokani na modeli kabisa.

Ndani ya kompyuta hakuna volti. Kuna namba, na kilele cha namba hizo kinaitwa 0 dBFS. Kilele hicho kinawakilisha volti ngapi? Inategemea kadi ya sauti na mahali nobu yake ya geini iliposimama. Amplifaya ya vali kwa upande wake haijui dBFS. Inajua volti tu, na volti hizo ndizo zinazoamua vali ya ngapi itaanza kukata vilele vya wimbi na kwa kiasi gani. Anayenakili amplifaya bila kuandika volti zake ni sawa na anayechora ramani bila kipimo.

Fundi hakuwa ameandika, lakini vifaa vyake bado vilikuwa vimeunganishwa vilevile. Tulituma wimbi la sine la hezi 1000 likiwa limejaa hadi kilele, tukaweka mita kwenye tundu la kuingilia la amplifaya, baada ya kile kiboksi cha riampu, kinachoigeuza ishara ya kadi iwe kama ya gitaa. Mita ikasoma volti 3.1 rms. Tukaenda kwa mpigaji, kwenye kadi yake, tukaongeza volti za sine taratibu kutoka kwenye jenereta mpaka mita ya programu ikafika juu kabisa. Ilifika kwa volti 1.1. Alikuwa amepandisha geini jinsi wengi wetu tulivyozoea kurekodi, vilele vikaribie juu bila kugonga dari. Tofauti ya 3.1 na 1.1 ni desibeli 9. Yaani nakala ilikuwa ikiamini kwamba gitaa linalopigwa lina nguvu karibu mara tatu ya lile lililoko mkononi.

Desibeli 9 mbele ya amplifaya iliyoko ukingoni mwa disto si kitu kidogo. Ndiyo umbali kati ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inayolia safi na kodi inayokwaruza. Na hazionekani kwenye mita ya kutokea, kwa sababu amplifaya iliyokwisha kubana hailii kwa nguvu zaidi ukiizidishia. Inabadilika umbo tu. Mpigaji akitazama kompyuta yake anaona kila kitu kimekaa sawa.

Habari ya volyumu ya gitaa nayo inatoka hapohapo, ingawa kwa njia ya kuzunguka kidogo. Ili kufikia usafi aliouzoea ilimbidi apunguze nobu zaidi ya desibeli 9 kuliko kawaida. Sasa, nobu ya 500 kΩ ikifika katikati ya ukinzani wake inaonyesha upande wa kebo ukinzani wa takriban 125 kΩ. Kebo ya mita 6 ina kapasitansi ya kama pikofaradi 600, ukichukua 100 kwa kila mita. Viwili hivyo pamoja ni kichujio kinachoanza kula masafa ya juu kwenye kilohezi 2.1 hivi. Kwa hiyo alipofika pale disto ilipoondoka, mng'ao ulikuwa umeshaondoka nayo. Alichosema, kwamba volyumu haisafishi, kilikuwa kweli tupu. Inapunguza, inafifisha, lakini haisafishi.

Dawa ilikuwa kupunguza desibeli 9 kwenye mlango wa plagini, yaani programu inayoiendesha nakala ndani ya kompyuta. Hakuna kilichofunzwa upya. Mpigaji alipiga dakika chache, akasema: "Fundi, sasa hii naijua." Katika malalamiko manne moja likafa papo hapo, na fundi akaanza kuniangalia kwa imani zaidi kidogo.

Nilipima pia tundu la gitaa la kadi yenyewe, kwa sababu pikapu inahisi ukinzani wa kitu inachochomekwa, na kadi yenye ukinzani mdogo inafifisha pikapu hata kabla ya sauti kuwa namba. Ilikuwa 1 MΩ, sawa na amplifaya. Hapo hapakuwa na kesi.

Kufunikwa kwa sauti kulikuwa na wazazi wawili. Wa kwanza ni mwepesi. Nakala ilifunzwa kwa kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 za sauti kila sekunde, na mradi wa mpigaji ulikuwa wa 44.1, na plagini aliyotumia haikuwa ikibadilisha chochote katikati. Mtandao wa namna hii haujui sekunde, unajua sampuli. Ukiambiwa "tazama sampuli tatu nyuma" unatazama tatu, hata kama sampuli hizo sasa zimekaa mbalimbali zaidi. Matokeo yake vichujio vyote vilivyojificha ndani yake vinateremka kwa uwiano wa 44.1 kwa 48. Mwinuko uliokuwa kilohezi 4 unajikuta kwenye 3.7. Noti haziendi popote, ila sura nzima ya toni inashuka kama nusutoni moja na nusu. Kuna plagini zinazoshughulikia hili zenyewe na kuna zisizoshughulikia, na hii ilikuwa ya kundi la pili. Tulihamisha mradi kwenye 48, basi.

Mzazi wa pili alihitaji kazi kurudiwa. Fundi, ili asisumbue majirani, alikuwa ametoa spika na kuunganisha amplifaya kwenye rezista kubwa ya omu 8, akachukua ishara hapo. Baadaye akaongeza impulsi ya boksi la spika, yaani rekodi fupi inayobeba tabia ya sauti ya boksi, iliyorekodiwa kwa maikrofoni, boksi likiendeshwa na amplifaya ya transista. Kila hatua peke yake ni ya halali. Zikiunganishwa zinapoteza kitu ambacho hakuna upande unaokihesabu kuwa chake.

Spika iliyoandikwa omu 8 si omu 8. Kwenye mwangwi wake wa chini, ambao kwa spika nyingi za gitaa uko kati ya hezi 75 na 110 hivi, impidansi, yaani ukinzani wake unaobadilika kufuatana na masafa, inapanda mara kadhaa ya hapo. Kisha inashuka, na kuanzia kilohezi moja au mbili inapanda tena polepole kwa sababu koili ya sauti ni koili. Amplifaya ya transista haijali: volti zake zinabaki palepale impidansi ipande ishuke, na ndiyo maana impulsi iliyorekodiwa kwayo haina habari hiyo ndani yake. Hatua ya mwisho ya amplifaya ya vali inajali sana. Impidansi ikipanda, volti nazo zinapanda, kwa hiyo spika yenyewe inaiagiza amplifaya itoe chini zaidi na juu zaidi. Kishindo na mng'ao alivyovikosa mpigaji vilikuwa vimezaliwa kwenye mzunguko kati ya vali za mwisho, transfoma na koili ya spika. Rezista iliufuta mzunguko huo, na impulsi haikuwahi kuuona.

Fundi alipendekeza tuongeze iku (kirekebisha toni), tupandishe chini na juu kidogo, tumalize. Nilikataa, na bado nakataa. Saketi hii ina fidibaki, yaani sehemu ya ishara inayorudishwa nyuma ili kusahihisha, inayorudi kutoka kwenye transfoma ya kutokea, na fidibaki hiyo ndiyo inayoizuia spika isiitawale amplifaya kupita kiasi. Lakini fidibaki inafanya kazi pale tu hatua ya mwisho ina nafasi ya kujirekebisha. Vali zikishaanza kukata vilele, fidibaki inapoteza mkono, na spika inaanza kutawala. Kiasi cha chini na juu kinachoongezeka kinabadilika kufuatana na nguvu ya mkono. Iku iliyosimama mahali pamoja italingana na amplifaya kwenye nguvu moja tu ya kupiga, na kwingine kote itakuwa inadanganya. Tulirudia kunakili kwa mzigo unaoiga spika, wenye koili na kapasita zilizopangwa ziwe na mwinuko wa chini na mpando wa juu. Kishindo kikarudi, na kikarudi kikiwa kinafuata mkono.

Basi yakabaki mawili, na haya ndiyo yaliyonivutia zaidi kwa sababu hayakuwa ya nyaya.

Mpigaji aliueleza mluzi vizuri kuliko ripoti nyingi nilizosoma: "Nikivuta uzi juu, kuna kitu ndani kinashuka." Maneno hayo peke yake yanatosha kujua ugonjwa. Noti ikipigwa peke yake, hakuna kitu katika amplifaya ya vali kinachoshuka inapopanda. Kinachofanya hivyo ni aliasingi.

Chukua gitaa lake la freti 24, uzi wa kwanza, freti ya mwisho. Noti ni E ya hezi 1318.5. Disto inaitengenezea hamoniki, yaani masafa ya mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea, na kwenye amplifaya halisi yanaendelea kupanda mpaka spika na sikio vinashindwa kuyafikisha. Katika mfumo wa kilohezi 48 dari iko kwenye nusu yake, yaani 24. Hamoniki inayotakiwa kuwa juu ya dari haipotei. Inakunjwa na kurudishwa chini. Hamoniki ya 35 ya noti hiyo ingekuwa hezi 46,148. Ndani ya mfumo inajitokeza kwenye 1,852, mahali ambapo hapana uhusiano wowote na E. Sasa mpigaji anavuta uzi nusutoni, kutoka E kwenda F. Noti ya msingi inapanda kufikia 1396.9. Ile hamoniki iliyokunjwa inaporomoka kutoka 1,852, inafika sifuri noti inapopita hezi 1371.4, kisha inageuka na kupanda tena hadi 892. Yote hayo ndani ya mvuto mmoja wa kidole. Na si ya 35 peke yake. Jirani zake nazo zinapita kwa mwendo wake kila moja, zingine zikishuka, zingine zikipanda.

Je, ina nguvu kiasi gani? Kwa wimbi lililokatwa wima kabisa, hamoniki ya 35 iko desibeli 31 chini ya noti ya msingi. Amplifaya hii haikati wima hivyo, kwa hiyo chukua hiyo kama hali mbaya kuliko zote. Lakini tazama hapo namba mbili zikae pamoja. Mabaki ya jumla ya nakala yalikuwa desibeli 21 chini ya muziki. Mluzi wa desibeli 31 chini unaingia mzima ndani ya mabaki hayo na nafasi inabaki. ESR haikuuficha kwa hila. Imeundwa kupima nguvu ya jumla, na kwa nguvu ya jumla mluzi ni vumbi. Sikio halihesabu hivyo. Sauti nzito hufunika zaidi kilicho juu yake kuliko kilicho chini yake, na mluzi huu unapita chini ya noti ya msingi, mahali patupu, tena unaenda kinyume na mwendo wa noti. Hata mtu asiyejua gitaa angegeuza kichwa.

Kulikuwa na jambo jingine upande wa mafunzo. Ishara ya fundi ilikuwa imejaa ridhimu na noti za katikati, na noti za freti za mwisho zilikuwa chache, fupi na dhaifu. Mtandao unajifunza pale panapoumiza alama yake. Rekodi ya amplifaya yenyewe haina aliasingi, kwa kuwa kigeuzi cha kadi kinachuja kabla ya kuhesabu, kwa hiyo mtandao ukionyeshwa noti za juu za kutosha unaona kwamba mikunjo yake ni makosa na unajaribu kuizima. Usipoonyeshwa, kwake kosa hilo halipo.

Wajenzi wa modeli za saketi wamelishughulikia tatizo hili miaka mingi. Njia yao ya kawaida ni kuendesha sehemu ya disto kwa kasi ya sampuli mara nne au mara nane, kuchuja, kisha kurudi chini. Kwa mkato mkali kila unapozidisha mara mbili unapata kama desibeli 6, kwa hiyo mara nane inakupa 18, na kompyuta inafanya kazi mara nane kwa faida hiyo. Ndiyo sababu zikatafutwa mbinu za kihesabu zinazotumia integrali ya mkunjo wa disto badala ya mkunjo wenyewe, ambazo zimechapishwa tangu 2016. Kwa mtandao uliokwisha funzwa mambo ni magumu zaidi. Huwezi kuulisha kilohezi 96 ukadhani umemaliza, kwa sababu ileile ya sampuli na sekunde niliyoitaja juu: vichujio vyote vitapanda maradufu. Ni lazima unyooshe nafasi za ndani, kila palipokuwa na sampuli moja ziwe mbili, na hata hapo aliasingi hupungua bila uhakika wa kiasi gani.

Tulichagua njia ya mafunzo. Fundi aliongeza kwenye ishara yake mawimbi ya sine yanayopanda taratibu hadi kilohezi 5, na melodi ndefu kwenye freti za mwisho zenye mivuto mingi. Kwenye spektrogramu (picha ya masafa kadiri muda unavyokwenda) ya nakala ya kwanza mistari ya hamoniki ilikuwa inapanda, inagonga dari, na inarudi chini ikijikata kama wavu. Kwenye nakala ya pili wavu bado upo ukiutafuta, ila umefifia. Mpigaji anasema anausikia akiwa peke yake na hedifoni, na hausikii ngoma zikiingia. Nimeukubali mpaka huo.

Likabaki la kupumua. Fundi alidhani hili ni la hisia tu, neno la wapigaji wanaopenda vitu vya zamani. Nilimwomba mpigaji anionyeshe badala ya kunieleza. Akapiga kodi kubwa, akaiacha ilie kama sekunde mbili, akaikata kwa kiganja, na mara moja akagusa noti moja kwa upole. Kwenye amplifaya ile noti ya upole ilitoka imeinama, kisha ikajaa yenyewe bila kidole kufanya kitu. Kwenye nakala ilitoka imekamilika tangu mwanzo. Na ile kodi kubwa nayo ilikuwa tofauti: kwenye amplifaya ilianza kwa nguvu ikabanwa polepole, kwenye nakala ilifika kwenye hali yake karibu mara moja.

Hilo si hisia, ni umeme. Kodi kubwa inazifanya vali za mwisho zivute mkondo mwingi. Transfoma ya umeme na vali ya kugeuzia mkondo zina ukinzani, kwa hiyo volti kuu zinashuka. Ushukaji huo unafika kwenye vali za mwanzo kwa kuchelewa, kupitia rezista na kapasita. Kwenye mashine hii sehemu moja ya njia hiyo ni rezista ya 10 kΩ na kapasita ya 20 µF. Zizidishe: sekunde 0.2. Huo ni muda wa kufika theluthi mbili hivi ya safari. Kumaliza karibu safari yote kunahitaji kama sekunde 0.6.

Sasa nenda kwenye mtandao. Ule uliotumika una mafungu mawili ya tabaka, kila tabaka linatazama sampuli tatu, na umbali kati ya sampuli hizo unaongezeka maradufu kutoka 1 hadi 512. Hesabu yake ni rahisi: kila fungu linaongeza sampuli 2,046 za nyuma, mafungu mawili 4,092, jumlisha sampuli ya sasa unapata 4,093. Kwa kilohezi 48 hizo ni milisekunde 85. Nyuma ya hapo mtandao haujui kulikuwa na nini. Si kwamba unakumbuka vibaya. Hauna pa kukumbukia. Noti ya upole ikiguswa milisekunde 150 baada ya kodi kukatwa, kwa mtandao hapajawahi kuwa na kodi. Na kodi ikiwa katikati, mtandao hauwezi kujua kama imelia kwa sehemu ya kumi ya sekunde au kwa sekunde mbili nzima, wakati amplifaya iko katika hali mbili tofauti kabisa.

Kisichojulikana hukisiwa katikati. Mtandao ulijifunza wastani: noti za upole zimeinama kidogo sana kila wakati, shambulio la kodi limebanwa kidogo kabla ya wakati wake. Ukipima kosa kwa rekodi nzima, wastani ni jibu bora na namba inapendeza. Kwa mpigaji, wastani ni kitu ambacho amplifaya yake haijawahi kufanya hata mara moja.

Hapa ndipo nina ugomvi na matangazo ya biashara hii, ya kampuni zote. Tangu Line 6 walipotoa AxSys 212 mwaka 1996, kila kizazi cha modeli kimeuzwa kwa ahadi kwamba sasa tofauti imekwisha, na siku hizi ahadi inakuja na asilimia. Asilimia ya nini? Kwa ishara gani, kwa volti ngapi, kwa mzigo upi, kwa kutazama nyuma kiasi gani? Bila hayo manne namba haisemi lolote kuhusu amplifaya. Inasema tu kwamba faili moja inafanana na nyingine.

Modeli zinazojengwa saketi kwa saketi hazina shida hii ya kumbukumbu. Kila kapasita ni namba inayobeba hali yake kutoka sampuli hadi sampuli, hata kwa sekunde kumi ukitaka. Nilimpa mpigaji moja ya familia hiyohiyo ya saketi aijaribu. Kupumua kulikuwepo. Lakini toni haikuwa ya mashine yake, kwa sababu modeli inafuata thamani zilizoandikwa kwenye mchoro, na mashine yake ina rezista zilizokengeuka, vali za umri wake na transfoma ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Pia milinganyo ya vali inayotumika sana, ile ya Norman Koren ya 1996 na vizazi vyake, ni sahihi zaidi kwenye mkondo wa anodi kuliko pale gridi, sehemu ya vali inayopokea ishara, inapoanza kuvuta mkondo wake, na disto nyingi ya saketi hizi inazaliwa hapo hapo. Kwa hiyo ukichagua huku unapata muda sahihi na sura iliyokaribia, ukichagua kule unapata sura sahihi na muda uliokatwa.

Nakala ya pili ilipopimwa, ESR yake ilikuwa 0.013. Mbaya kuliko ya kwanza. Fundi alitaka kuirudia. Nilimwonyesha kwamba ishara ya pili ni ngumu zaidi, ina noti za juu, ina kimya kirefu baada ya kodi kubwa, na mzigo unaotembea, na kwamba nakala ya kwanza ikipewa ishara hiyohiyo inapata alama mbaya zaidi. Aliipima mwenyewe, akaiacha ya pili ilivyo. Kwenye faili anazotoa sasa anaandika kwamba 0 dBFS ni volti 3.1, kasi ni kilohezi 48, mzigo ni wa kuiga spika, na kumbukumbu ni milisekunde 85.

Mpigaji anaitumia kwa ridhimu na kwa chochote kinachopigwa bila kukatika, na anasema hapo haoni sababu ya kubeba mashine. Kwa nyimbo za polepole, zenye kodi moja na nafasi kubwa baada yake, bado anabeba amplifaya. Fundi anajaribu mtandao wenye tabaka zaidi unaofika nusu sekunde nyuma. Unaonekana kujifunza kule kuinama kwa noti, ila kwa sasa kompyuta ya mpigaji haiwezi kuuendesha moja kwa moja bila sauti kukatika, kwa hiyo unatumika baada ya kurekodi tu, na noti inayojibu baada ya kurekodi haimsaidii anayepiga.